Bahari ya Sebuleni

Hemedi alimimina ndoo ya mwisho ya maji ya chumvi kwenye tangi la kioo, akawasha pampu. Juu ya mchanga palikuwa na mawe ya matumbawe tu. Samaki wangeletwa maji yakishatulia.

Mama yake, Bi Rukia, alisogea. Uzee ulikuwa umemsahaulisha pwani walikotoka, hata mwanawe, ambaye sasa alimwita "bwana" tu.

"Mbona hamna samaki, bwana?"

"Bado, mama."

Bi Rukia alichovya vidole, akavilamba. Kisha akaipandisha kanga hadi magotini, akamshika Hemedi mkono.

"Vua viatu, mwanangu. Maji yamekupwa."

Hemedi aliinama kwenye sakafu kavu, akaanza kufungua kamba.