Mlango wa Bi Mshangama

Mlango ulisimama peke yake katikati ya jukwaa, bila ukuta. Kikundi cha vijana wa kujitolea kilipewa mlango huo na Bi Mshangama nyumba yake ilipobomolewa, wautumie kwenye mchezo wao wa likizo. Kitasa chake kilikwama kila walipofanya mazoezi, na hakuna aliyejua dawa yake.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Tabu, aliyeigiza mama, alikaa akichambua mchele. Alitakiwa asiitikie mpaka hodi ya tatu.

"Hodi!" ilisikika nyuma ya mlango.

Tabu akaendelea kuchambua.

"Hodi!"

Sauti ilikuwa nzito kuliko ya Shauri, aliyeigiza mwana anayerudi nyumbani. Tabu akatupa jicho pembeni ya jukwaa. Shauri alikuwa kulekule, bado anafunga vifungo vya shati. Kutoka pale aliuona upande wa pili wa mlango. Akatikisa kichwa: hakuna mtu.

"Hodi, mama!"

Ukumbi ukangoja. Tabu aliuweka mchele chini, akaugeukia mlango.

Mstari wa mbele, Bi Mshangama aliinuka, akajitengeneza mtandio kama mtu aliye kwake.

"Karibu, baba," akasema. "Mbona umekawia hivyo?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakidhani naye yumo mchezoni. Tabu hakucheka. Alikuwa anakitazama kitasa. Kiliinuliwa kidogo kwanza, taratibu, kama na mkono uliokizoea, kisha kikazunguka bila kukwama.