Tarehe Alizozungushia

Mshonaji alikuwa anapekua mifuko ya koti la ulinzi la mumewe kabla ya kulifua, akakuta nakala tatu za maombi ya zamu.

"Naomba zamu ya usiku tarehe 12, 13 na 14." Mwandiko wa mumewe kabisa, ile nne yake yenye mkia.

Akaenda na povu la nguo nyingine mikononi mpaka kwenye kalenda ya chumbani. Kila mwezi huhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, akazungushia siku za kushika mimba. Kumi na mbili mpaka kumi na nne. Mwezi uliopita, kumi na tano mpaka kumi na saba, na nakala ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu nayo.

Kumbe zamu anaziomba mwenyewe, halafu akiaga anamlaani bosi kwamba ndiye anayempangia!

Sebuleni mama mkwe alikuwa anauambia ukuta, "Wengine wanahesabu tarehe kama makarani, na tumbo liko palepale."

Mshonaji akaing'oa kalenda pamoja na msumari wake, akambwagia mapajani, na zile nakala juu.

"Soma, mama. Mwandiko wa mwanao unaujua."

Mama mkwe akavaa miwani. Akasoma, akalinganisha, akasoma tena. Kisha akamwita mwanawe atoke bafuni, kwa jina lake lote mpaka la babu.