Nyumba ya Mama Lorine

Lorine alipoamka, nguzo ya tatu ilikuwa tayari imesimama, na aliyekuwa akiishindilia udongo ni baba yake mwenyewe, Zablon.

Hakuamini. Krismasi tatu sasa mama yake alikuwa kwa ndugu zake, huko Uriri. Aliondoka hapa Kosele akiwa amechoka kuishi katika jiko la mkwe, akasema watu wakisikia kwamba hatakanyaga boma hili tena mpaka mume wake amjengee nyumba. Zablon aliahidi mwezi wa nne. Akaahidi mwezi wa nane. Kila mara alirudi kutoka sokoni akiyumba, bila hata msumari mmoja.

"Baba yako hujenga na mdomo," Cate wa jirani alizoea kumcheka. "Mwambie aufungue tuone vyumba."

Leo Cate alisimama uani akitazama tu. Mama yake akaja akamvuta mkono, wakaenda.

Lorine alichota maji ya kukandia udongo, safari sita, bila kutumwa. Mabati yalikuwa makuukuu, yana matundu, lakini ni mabati. Wanaume walifanya kazi mbio mbio, bila zile porojo zao. Na Zablon hakunuka pombe, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

"Baba, dirisha litakaa wapi? Mama anapenda mwanga."

Zablon akaendelea kupiga msumari.

"Hakuna wakati wa dirisha," akajibu baba mdogo, Gordon. "Omera, ndugu yangu, huo mlango ukate mpana. Ongeza. Ongeza tena."

Lorine akaingiwa na hofu. Baba akifanya jambo, hulifanya nusu. Mama akiikuta nyumba imekaa hivi, si atageuka arudi Uriri, na safari hii asirudi kabisa?

Akakimbia kwa bibi yake, aliyekuwa akichochea moto chini ya sufuria kubwa ya kanisa.

"Dani, mwambie baba aijenge vizuri! Mama atakataa kuingia."

Dani alisukuma ukuni ndani zaidi, moshi ukimpiga usoni.

"Hatakataa, nyakwara, mjukuu wangu."

"Kweli anakuja?"

"Gari limeshapita Oyugis. Nenda ukaoge. Vaa ile nguo ya kanisa."

Lorine alioga, akajipaka mafuta hadi miguu ikang'aa. Alipotoka, vijana wawili walikuwa wakichimba shimo upande wa kushoto wa nyumba. Choo, alifikiri, akashangaa mbona kimesogea ukutani namna ile. Alitaka kuuliza. Hakuna aliyemtazama.

Pikapu ilifika jua likiinama. Ilisimama langoni, haikuingia. Mjomba Fanuel, kaka mkubwa wa mama, akashuka peke yake. Hakumsalimu mtu. Akaenda hadi kwenye ile nyumba, akausukuma ukuta kwa kiganja. Udongo mbichi ukamnata kiganjani.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, shemeji," Zablon alisema.

"Dada yangu aliingoja miaka kumi na miwili."

Lorine hakusubiri wamalize. Alikimbia langoni akiita, "Mama! Mama, imeisha!" Akakanyaga gurudumu la nyuma, akajivuta juu achungulie.

Wajomba wanne walikuwa wameketi humo, wawili huku, wawili huku, mikono yao juu ya jeneza.