Pua ya Nyegere

Si zamani sana, wanyama walipokwisha kuzoea simu, Nyegere mla asali aliacha kunusa ardhi. Mlembe, ndege anayeongoza wenzake kwenye asali, hakuruka tena mbele yake. Alimwelekeza kwa simu, kulia, kushoto, naye Nyegere akafuata macho yakiwa kwenye kioo. Alishiba kila siku, ila hakuweza kusema alipita wapi.

Siku moja mtandao ulikatika katikati ya msitu. Nyegere alizunguka mpaka njaa ikamlegeza, akamkuta Mlembe kwenye tawi, naye ameduwaa mbele ya simu yake.

"Ndugu yangu, asali iko wapi?"

"Hata mimi sijui. Njia nilikuwa nakusomea humu humu."

"Na humo aliziweka nani?"

Mlembe alimtazama kwa mshangao. "Si ni zako, bwana? Ndizo ulizonusa ujanani, nami nikazihifadhi humu."

Nyegere akaishusha pua taratibu mpaka ikagusa udongo. Mwanzoni hakupata kitu, akataka kuinuka. Kisha ikamjia harufu ya mvua ya juzi, na chini yake nyayo za swala jike, zimejaa hofu. Yote haya yalikuwepo siku zote, na yeye akiyakanyaga tu.

"Asali iko upande gani?" Mlembe akauliza. "Nieleze kwa kifupi, nina njaa."

"Ngoja kwanza," Nyegere akanong'ona, pua ingali chini. "Huyu swala alikuwa anakimbia na mtoto. Bado sijajua kama walifika salama."