Mtu Mmoja Aliyemnukuu

"Fizikia ya chembe bila mimi ni chai bila majani!" Profesa aliwatambia mashemeji waliokuja kumpa pole kwa kufiwa na mkewe. "Nimenukuliwa mara elfu arobaini!"

Hakusema kwamba makala zilizonukuliwa ziliandikwa na watu elfu tatu, jina lake likiwa limebanwa katikati kama abiria aliyekosa kiti. Aliyoiandika peke yake ilikuwa moja tu, na duniani kote iliwahi kunukuliwa na mtu mmoja: mkewe, mwanafizikia mwenzake, katika kila makala aliyochapisha.

Wageni walipoondoka, akafungua kompyuta ya marehemu. Makala ya mwisho ya mkewe ilikuwa inangoja kutumwa kwa mhariri. Akashuka moja kwa moja hadi kwenye marejeo, akitafuta jina lake.

Halikuwepo. Akatafuta tena, kidole kikiburuza jasho juu ya kioo.

Kisha akaanza kulichapa, herufi moja moja, kama mwizi anayenyata jikoni kwake mwenyewe.

"Baba." Binti yake alikuwa nyuma ya kiti, kikombe kila mkono. "Mama aliimaliza hiyo makala. Tuliisoma pamoja, hadi marejeo."