Taya Mlangoni

Ufunguo ulikatikia ndani ya kitasa, na Fundi Taya akabaki na kipande mkononi, kama mtu aliyeng'oa jino zima akaliacha bovu.

"Salaale!"

Stoo ya visukuku ilikuwa chini kabisa ya jumba la makumbusho: dirisha hakuna, mlango wa chuma, pembeni umezungushiwa mpira usiopitisha hata vumbi. Alikuwa na desturi ya kujifungia kila anapotoa vifupa vidogo, asije mtu akafungua ghafla na kumgutusha navyo mkononi. Simu ilikuwa juu, ndani ya koti.

Akapiga ngumi mlangoni. "Jamani! Fungueni!" Sauti yake ikamjaa kichwani. Nje, kimya.

Akakaa, akaegemeza mgongo mlangoni na kuupigapiga kwa kiwiko. Hapo habanduki. Atakayepita sharti amsikie.

Aliyejua kwamba yuko huko ni binti yake tu, mfanyakazi wa ghorofa ya juu. Lakini binti mwenyewe ndiye yule! Asubuhi alimpita kwenye ngazi akichezesha midomo, ati ndiyo salamu. Fundi akamkaripia mbele za watu: "Usinitafunie maneno! Kama umenichoka, sema!" Binti akaondoka analia. Basi, kila mtu jengoni siku hizi ananong'ona, na redio nayo imeharibika. Adabu imekwisha duniani.

Saa nzima ikapita. Joto likazidi. Feni aliihesabu imekufa, maana haikuvuma, ingawa karatasi mezani zilipepea. Kifua kikaanza kumbana.

"Mwanangu!" akaita. "Nilikosea asubuhi. Nisamehe, usiniache nikafia humu!"

Hakujibiwa. Ndipo akaogopa kwelikweli, akalia, mtu mzima na ndevu zake.

Mezani kulikuwa na taya la mnyama wa kale, mdogo kama panya. Miaka thelathini Fundi amewaeleza wageni habari zake: vifupa viwili vya nyuma vilikuwa bawaba ya taya, vizazi kwa vizazi vikapungua, vikajitenga, vikahamia sikioni. Leo ndiyo nyundo na fuawe, tunavyosikia navyo. "Mababu zake huyu, nadhani, walisikia kwa taya," huwachekesha. "Walilaza kidevu chini wakajua nani anakuja kuwala."

Akalitazama lile taya. Akautazama mlango. Aibu ya nani, na humu yuko peke yake?

Akageuka, akapiga magoti, akabana taya lake kwenye chuma kwa nguvu zote.

Chuma kikamtetemesha meno. Kisha sauti iliyokwisha kukauka kwa kupiga kelele ikampanda mfupani hadi kichwani:

"Nimeshakusamehe, Baba! Saa nzima nakujibu! Mafundi wako hapa na mashine ya kukatia. Nakuomba, Baba, toka mlangoni wakate!"