Tetere na Mnazi Uliofungwa Kamba

Alikuwako Tetere mmoja mwenye dharau, asiyeuliza kitu kwa kuwa alijiona anajua vyote. Siku moja hoteli ilileta mnazi mkubwa wa mapambo, ukapandwa mbele ya mlango, makuti yake yamekusanywa juu na kufungwa kamba kama tita la kuni. Tetere akapenya katikati, akajenga, akataga mayai mawili.

"Shoga," akasema Shorewanda, jirani yake wa kwenye ua wa michongoma, "makuti hayo yamefungwa kwa nini? Si ungeuliza kwanza?"

"Wivu huo! Kaa na miiba yako."

Paka wa jikoni naye alikuja kila asubuhi kuketi chini ya mnazi. "Hongera, Mama Tetere. Ngome kama hiyo mimi siipandi ng'o."

Tetere akavimba kichwa. Mayai yakaanguliwa, na Paka hakujaribu kupanda hata mara moja.

Makinda yakiwa bado hayajaota manyoya, mtunza bustani alileta ngazi, akakata kamba. Makuti yakafunguka pande zote kama mwavuli. Kiota kikakosa cha kukishikilia, kikaanguka na makinda yote mawili, mbele ya Paka.

"Ulijua!" Tetere akalia.

"Huu ni mnazi wa saba kuletwa hapa, mama," akajibu Paka. "Yote huja imefungwa, na mizizi ikishika hufunguliwa. Hukuniuliza."

Alikula taratibu, akajilamba. Wageni wa hoteli wakatoka kupiga picha, wakasema bustani sasa imependeza.